Shule ya Kikristo ni ipi?

Wazazi wengi huuliza: je, mzazi Mkristo ana wajibu wa kumpeleka mtoto shule ya Kikristo ya kulipia, hata kama uwezo ni mdogo?

Swali hili halina uzito mmoja kila mji. Huko Columbus mzigo ni mwepesi kidogo, kwa sababu tangu 2023 jimbo la Ohio limefungua mpango wa EdChoice kwa familia zote, na serikali huchangia ada, zaidi kwa wenye kipato kidogo. Kwa ndugu wa Louisville, wapiga kura wa Kentucky walikataa mnamo Novemba 2024 kubadili katiba ili fedha za umma ziweze kwenda shule za binafsi. Kwa wale wa Buffalo, jimbo la New York halina mpango wa namna hiyo. Basi anayesema kwamba mzazi asiyelipia shule ya kanisa hampendi Mungu, anamhukumu mwenzake kwa mpaka wa jimbo.

Tukumbuke pia tulikotoka. Wengi wetu wa kutoka Kongo tulisoma shule za kanisa. Misheni zilijenga shule nyingi tangu wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa ziwe za serikali, na somo la dini likaondolewa. Mwaka 1977 serikali ikatia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti, makanisa yakarudishiwa uendeshaji. Baadaye serikali ikashindwa kuwalipa walimu vizuri, na katika miaka ya 1990 wazazi wakabeba mzigo huo. Bila wao shule nyingi zingefungwa. Tunawashukuru.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mtoto ambaye minervali yake haikulipwa alitolewa darasani, na mara nyingi alikuwa mtoto wa mjane au wa familia iliyokimbia vita. Asubuhi ameimba na kusali pamoja na wenzake. Saa nne yuko njiani kurudi nyumbani, daftari mkononi. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019.

Mwalimu aliyemtoa hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto wa kulisha. Hata hivyo, mtoto yule alijifunza nini juu ya Kristo siku ile? Sala ilimwambia jambo moja, na mlango ukamwambia jingine. Watoto huamini mlango.

Ni kweli shule nzuri ya Kikristo ina faida: nidhamu, maombi, walimu wenye imani moja na wazazi. Mwenye nafasi hiyo aipokee kwa shukrani. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawapa wazazi kazi ya kufundisha neno la Mungu, wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, walalapo na waamkapo. Mama anayefanya zamu mbili ghalani ili alipe ada, akirudi watoto wamekwisha kulala, amelipia mafundisho na kukosa saa ya kufundisha. Afadhali wakati mwingine shule ya umma, na mzazi mezani jioni.

Kabla ya kutia sahihi, muulize mkuu wa shule: mzazi akipoteza kazi katikati ya mwaka, mtoto wake atafanyiwa nini? Mtoto ambaye bado anahangaika na Kiingereza atasaidiwa na nani? Majibu hayo yataonyesha Ukristo wa shule kuliko msalaba ulioko ukutani.

Na sisi kanisani tusimwite mtoto wa shule ya umma mtoto wa dunia. Naye ni wetu, na mafunzo ya Jumapili ni yake pia.

Mungu awape wazazi wote hekima.