Sifa Kabla ya Matanga

Kwetu mtu akifa husifiwa sana. Msibani hukosi kusikia kwamba marehemu alikuwa mkarimu, mchapakazi na mpenda watu, na mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe hayasikii. Katika umri wangu wa miaka sabini na ushei nimehudhuria misiba mingi, nami nimesimama kusema maneno hayohayo. Swali ninalotaka kulijadili hapa ni hili: je, mtu akitufurahisha kwa kazi ya mikono yake, nasi hatumjui wala yeye hatujui, tuna deni lolote kwake? Huenda msomaji akashangaa nikimwambia kwamba swali hili limenirudia uzeeni kwa sababu ya muziki wa magitaa wa Kizungu.

Nilipokuwa mwanafunzi miaka ya 1960, tulizisikia nyimbo za Beatles kwenye redio moja ya bweni. Maneno tuliyaokota machache tu, lakini zile sauti zilizopatana zilitukaa kichwani. Baadaye nikaenda chuo cha ualimu, nikaanza kazi, nikaoa, na nyimbo zile nikaziacha pamoja na ujana. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alinikuta nikiimba mmojawapo huku nikinyoa ndevu. Akacheka, akasema, "Babu, nyimbo za namna hiyo bado zinatungwa." Sikumsadiki. Akaniletea simu yake nisikilize.

Muziki wenyewe huitwa pawa popu. Jina hilo lilitumiwa na Pete Townshend wa kundi la The Who mwaka 1967 alipokuwa akieleza muziki wao. Ni magitaa ya umeme yanayopigwa kwa nguvu, ngoma zisizosinzia, na juu yake sauti mbili tatu tamu zinazoimba kwa kupatana. Wimbo mmoja aghalabu huchukua kama dakika tatu. Huanza, husema lake, na hukoma kabla hujauchoka. Laiti na sisi walimu wakuu tungehutubia hivyo!

Katika historia ya muziki huo lipo kundi moja ambalo habari zake zilininyima raha. Liliitwa Big Star, nalo lilikuwa la vijana wa mji wa Memphis, Marekani. Mwaka 1972 walitoa albamu yao ya kwanza, wakaiita kwa jina la kujiamini: rekodi namba moja. Waandishi wa magazeti waliisifu. Lakini santuri hazikufika madukani ipasavyo, kwa kuwa usambazaji uliharibika, na zilizouzwa wakati ule zinasemekana kuwa chini ya nakala 10,000. Mmoja wao, Chris Bell, aliyekuwa amejitolea mno katika kazi ile, alivunjika moyo akalihama kundi. Tarehe 27 Desemba 1978 gari lake liligonga nguzo, akafa akiwa na umri wa miaka 27. Nyimbo alizozirekodi peke yake zilikusanywa katika albamu mwaka 1992. Siku hizi vitabu na magazeti ya muziki huliweka kundi lile miongoni mwa makundi bora ya wakati wake.

Majuma machache baada ya kifo hicho, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro naye alikufa kwa ajali ya gari, huko Mombasa. Nakumbuka majonzi yaliyotanda. Wote wawili walikuwa mafundi wa gitaa na wote walikufa vijana. Lakini Mbaraka alikwenda akijua kwamba nyimbo zake zilipendwa, kwani watu walimchezea na kumshangilia mbele ya macho yake. Bell, ambaye alikuwa rika langu, alionja kidogo sana katika hayo. Sifa za miaka iliyofuata hazikuweza kumfaa kitu.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo hayo yalikuwa ya enzi za santuri. Ni kweli kwamba leo mwanamuziki hahitaji lori la kampuni. Ipo tovuti iitwayo Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo mtunzi huweka nyimbo zake mwenyewe na kupanga bei. Msikilizaji husikiliza kwanza, kisha akipenda hununua, na anaweza kulipa zaidi ya bei iliyowekwa. Tovuti huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, hupunguzwa na gharama za malipo, na zinazobaki huenda kwa mwenye kazi. Huko ndiko mjukuu wangu alikonionyesha Kai Slater, kijana wa Chicago aliyezaliwa karne hii, anayetoa nyimbo kwa jina la Sharp Pins. Albamu yake iitwayo Radio DDR aliitoa mwenyewe mwaka 2024. Nilipoisikiliza nilijiona niko bwenini tena, ila nyimbo zilikuwa mpya, na mtungaji yu hai.

Lakini njia kuwa wazi si sawa na kusikilizwa. Nyimbo zinazotolewa kila siku ni nyingi kupita kiasi, na wengi wetu husubiri kuletewa zile zinazopendwa tayari. Tangu mwaka 2024, kampuni kubwa ya Spotify hailipi fedha za rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12. Maana yake, wimbo ukisikilizwa mara 999 haumpatii mwenye rekodi hata senti. Sikatai kwamba mfanyabiashara ana hesabu zake. Ninachosema ni kwamba zile mara 999 zilikuwa za watu wenye masikio, na huenda baadhi yao walifarijika.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu na pia nikifundisha Kiswahili darasa la saba, kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliandika insha kuhusu baba yake akichonga mtumbwi. Niliisoma mara mbili. Usiku nikamsomea mke wangu. Kesho yake nikamrudishia daftari lenye alama 16 kwa 20 na neno moja: "Vizuri." Madaftari yalikuwa mengi na mtihani ulikuwa umekaribia. Kijana hakuchaguliwa kwenda sekondari. Miaka mingi baadaye nilikwenda kwa seremala kuagiza mlango, kumbe ni yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Tukaongea ya zamani. Kisha akaniuliza, "Hivi, Mwalimu, zile insha zetu ulikuwa ukizisoma kweli?" Nikamweleza habari za mtumbwi, na jinsi mama alivyoisikiliza. Akaweka randa chini. "Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo. Tangu siku ile nimeamini kwamba furaha niliyoipata kwa kazi ya mtu, nikaificha, ni kama mali yake niliyokaa nayo. Sisemi kila mwimbaji anastahili sifa. Sifa ya uongo ni sumu, na mwalimu anayempa kila mtoto 16 huwadhulumu wote. Ninasema tu kwamba tuliyeridhika naye kwa haki tumjulishe, na tumlipe, angali akisikia.

Rafiki yangu mmoja, mstaafu mwenzangu, alinipinga. "Mwalimu, unatuma fedha Marekani, na vijana wetu hapa nani anawasikiliza?" Neno lake lilinichoma kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Wakati wa kaseti nilinunua nyingi zilizonakiliwa kwa wizi, za wanamuziki wetu wenyewe, wala sikuona haya. Nilimjibu kwamba sikio likizoea kutafuta mbali, halina udhuru wa kupuuza karibu. Yapo pia majivuno ya kujigamba kuwa "mimi ndiye niliyemjua kwanza". Huo nao ni ubinafsi. Nimejipima kwa swali moja: kijana yule wa Chicago akipata umaarufu kesho, nitafurahi au nitanuna? Naomba nifurahi.

Basi sasa nina desturi ndogo. Wimbo ukinipendeza, mjukuu hulipa kwa kadi yake nami humrudishia fedha kwa simu. Mnunuzi huruhusiwa kuandika maneno machache chini ya albamu. Mimi humtajia, yeye huandika. Na Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilimsubiri mlangoni kijana anayepigia kwaya yetu gitaa. Nilimwambia ni kipande gani kilichonigusa. Alitazama chini, akaniuliza kama nilikuwa na maana ya kile cha ubeti wa pili. Nikasema ndicho. Akasema alikuwa amekifanyia mazoezi wiki mbili.