Amana ya Sikio



Sisi watu wa pwani twaidhania Garissa kuwa mbali nasi, hali ya kuwa maji ya Mto Tana yapitayo chini ya daraja la mji huo ndiyo hayo hayo yaingiayo baharini upande wa Kipini. Juzi kijana mmoja wa darasa letu alirejea kutoka huko, akatuletea swali ambalo tumeona si vyema kulinyamazia.

Alisema kwamba ndani ya basi, tangu Hola hadi Garissa, zilikuwa zikipigwa nyimbo za Kisomali. Mmoja ulimwingia moyoni. Akamuuliza utingo: "Huu ni wa nani?" Utingo akajibu: "Sijui, simu ndiyo inayochagua." Hapo mzee aliyeketi nyuma akaingilia, akamtajia majina matatu: la aliyetunga maneno, la aliyetia mahadhi, na la aliyeimba. Kisha akasema: "Ukiupenda, usiupoteze wenyewe." Kijana akatuuliza: Je, msikilizaji naye ana wajibu, au wajibu ni wa mwimbaji peke yake?

Hatukusudii hapa kuufungua upya ule mjadala wa ala na nyimbo, ambao wanavyuoni wameukhitilafia tangu zamani, na Imam al-Ghazali ameuandikia kwa urefu katika Ihya. Asiyesikiliza ana hoja zake. Maneno yetu yamwendea yule asikilizaye. Twasema: naam, sikio lina amana.

Tutazame desturi ya Wasomali wenyewe. Lugha yao haikupata maandishi rasmi ila mwaka 1972. Kabla ya hapo mashairi yao yalihifadhiwa vifuani, na mwenye kuhifadhi alifungwa na masharti mawili: asiyageuze maneno, na amtaje mtunzi. Jambo hili si geni kwetu sisi tuliozoea kusikia habari ikitajwa pamoja na waliyoipokea, mmoja baada ya mmoja. Nyimbo za redio zilipokuja ziliifuata njia hiyo, ndipo yakawa yale majina matatu ya mzee wetu.

Na desturi hii haikuwa pambo. Watu wa kaskazini-mashariki waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991. Sauti zilivuka mahali ambapo mtu hakuweza kuvuka, kwa redio na kwa kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Upande wa pili wa mpaka, mshairi Hadraawi aliwekwa kizuizini tangu 1973 hadi 1978 kwa sababu ya tungo zake. Na mji wa Hargeysa ulipopigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio ya mji huo zilifukiwa ardhini ili zisiangamie. Baadhi ya nyimbo za zama zile zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2017, zikasikika Ulaya na Marekani, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakadhani wamegundua waimbaji wapya! Hapa pana funzo: upya uko katika sikio, si katika umri wa wimbo. Na lau wale waliozifukia wangalisema, "Hizi ni burudani tu," leo kusingekuwako cha kugundua.

Lakini amana ina upande wa pili, nao ni insafu kwa kipya. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori, Abdi Sinimo, alianzisha nyimbo fupi za mapenzi ziitwazo balwo. Wazee na masheikh wengi walizilaumu vikali. Leo nyimbo zilizotokana na hizo ndizo ambazo wazee huzililia, wakisema za siku hizi hazina maana! Basi na tuwe na hadhari. Vijana wakimbizi walioanzisha kikundi cha Waayaha Cusub mtaani Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004, na akina mama wa Garissa wa kikundi cha Gargar, wana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kumkataa mtu kwa kuwa ni mpya, na kumsifu kwa kuwa ni mpya, yote mawili ni kufuata bila kupima.

Ama kurejea kwenye nyimbo za zamani, nako kuna adabu yake. Wengine hurejea ili wajifiche humo na wakati wao. Mwenye akili hurejea ili ajipime. Wimbo haukubadilika, bali aliyebadilika ni yeye. Alipokuwa na miaka ishirini alisikia mapenzi matupu. Afikapo hamsini huenda akasikia ushujaa wa mtunzi aliyeficha neno la haki ndani ya mapenzi.

Huenda mmoja katika wasomaji akasema: "Mtu amechoka na kazi, ataka kupumzika, nanyi mwamtaka afanye uchunguzi?" Twajibu: hatumtaki ila swali moja, "Ni wa nani?" Simu yaweza kukuletea wimbo mzuri, nasi hatuikatai kheri hiyo. Lakini simu si shahidi. Yajua ulichosikiliza hadi mwisho, haijui unachodaiwa.

Na tusiwanyooshee wengine kidole. Twajivuna kwamba Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kuwataja wapigaji waliokuwa pamoja naye? Twasema "wimbo wa Juma Bhalo," na mara nyingi maneno yake ni ya Ahmad Nassir, naye hatajwi. Huku ni kula tunda na kumsahau aliyepanda mti.

Kijana wetu amerejea na wimbo mmoja na majina matatu, na ameyaandika. Tangu siku hiyo amekuwa akimwuliza baba yake habari za kanda kuukuu zilizomo sandukuni, na mzee, aliyekuwa akiogopa kwamba zitatupwa siku atakapofariki, sasa azitoa moja moja na kumtajia wenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana. Amin.