Je, Safari ya Mbali Humbadilisha Mkristo?

Katika sharika zetu za Geita si ajabu kusikia mtu akisemwa hivi: "Yule ametoka nje, siku hizi si mwenzetu." Wengine husema hivyo kwa heshima, wengine kwa wasiwasi. Tena wapo washarika wanaouza ng'ombe au kukopa kwenye vikoba ili wamfuate nabii wa nchi nyingine, wakiamini kwamba upako wa huko una nguvu kuliko sala ya Jumapili ya nyumbani. Basi tujiulize: je, safari ya mbali humbadilisha Mkristo? Na kama humbadilisha, ni kitu gani hasa ndani ya safari kinachofanya kazi hiyo?

Sisi Walutheri tuna sababu ya kulijibu swali hili kwa uangalifu. Martin Luther mwenyewe, akiwa bado mtawa, alisafiri kwenda Roma katika miaka ya 1510 na 1511. Ulikuwa mji wenye makaburi ya mitume, na Wakristo wengi wa Ulaya walitamani kuufikia. Lakini mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani juu ya matengenezo ya Kanisa, alizikosoa safari za hija. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua maisha ya nyumbani: mume anatumia fedha nyingi njiani kwenda Roma, huku nyuma mke na watoto wana shida, naye anadhani amempendeza Mungu kwa kuukimbia wajibu ambao Mungu mwenyewe amempa. Neema haiongezeki kwa kilomita. Mungu tunayemfuata ng'ambo ndiye aliyetupokea hapa katika ubatizo.

Je, basi tukae nyumbani? Biblia haituruhusu kusema hivyo. Ibrahimu aliitwa aondoke. Yakobo alikuwa mkimbizi, amelala njiani na jiwe kichwani, alipotambua kwamba Mungu yupo mahali ambapo hakumtazamia; akapaita Betheli (Mwanzo 28). Towashi Mkushi alikuwa amefika Yerusalemu kuabudu, lakini aliyaelewa Maandiko akiwa njiani kurudi, alipokubali kufundishwa na mtu asiyemjua (Matendo 8).

Hata Kanisa letu la Kanda ya Ziwa ni tunda la wasafiri. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Buhaya mwaka 1910, walikuta Wahaya waliokwisha kuipokea Injili kwa njia ya Uganda, nao walikuwa wakisoma na kuomba pamoja.

Katika Kanisa hilo alikulia Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Bukoba. Kwa hiyo hakwenda Ulaya kumtafuta Kristo, alikwenda naye. Alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, na baadaye Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, akipokea kazi kutoka kwa Msweden Bengt Sundkler. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo.

Tuangalie mambo mawili katika safari hiyo. Kwanza, Bethel yenyewe. Kazi ya mahali hapo ilianza mwaka 1867 kama makao ya watu wenye kifafa, na shule ya theolojia ikawekwa humo humo. Mwanafunzi aliyefundishwa habari za neema darasani alipishana njiani na watu ambao kwetu mara nyingi wamefichwa ndani. Pili, mwaka 1974 Kibira alitoa kitabu juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Mtu aliyeishi Ujerumani na Marekani aliandika juu ya ukoo! Safari haikumsahaulisha kwao. Ilimpa mahali pa kusimama ili akutazame upya. Na katika mkutano ule wa Dar es Salaam makanisa yalitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa imani yenyewe, maana Wakristo hawawezi kutenganishwa kwa rangi mbele ya meza ya Bwana.

Hapa ndipo ninapoliona jibu. Kinachombadilisha msafiri ni ugeni. Ugenini unauliza njia kama mtoto. Unasikia wimbo ambao sauti yake unaijua na maneno yake huyajui, na jirani anakuonyesha kwa kidole mahali ulipo kitabuni. Polepole unatambua lipi katika imani yako lilikuwa desturi ya kwenu na lipi lilikuwa Kristo. Lakini mtu anaweza kusafiri na kuukataa ugeni. Huyo hurudi na picha na dharau, akisema kwaya zetu ni kelele. Mwingine hufuata upako kama watu wanavyofuata rashi: akisikia dhahabu imetoka mahali anahama, anachimba duara, anachukua kilichopo, kisha anaacha shimo. Sisemi hivi kuwadharau wachimbaji. Ni ndugu zetu, na riziki yao ni ya jasho. Nasema Mungu hachimbwi.

Kama ni hivyo, wengi wetu hatuhitaji pasipoti. Dhahabu imeleta Geita watu wa kutoka Kigoma, Tarime, Tabora, Bukoba na Kilimanjaro. Kijana wa machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa anaingia ibadani, anakaa benchi la nyuma, anaondoka hajaulizwa jina. Tunamwita mtu wa kupita. Siku duara likimfukia, tunauliza kwanza alikuwa wa jumuiya gani na kama alitoa ahadi yake, kabla ya kuuliza nani atampigia mama yake simu. Tunawezaje kumsifu Kibira na mkutano wa Dar es Salaam, nasi tukapima haki ya kuzikwa kwa daftari?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitamka methali hii kwa mzaha, kuku anapochinjwa. Lakini isikilizeni vizuri: anayehitaji kupona ni mwenyeji. Imani ya kijana yule imetembea njia ndefu kuliko ya mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuwa mgeni popote.

Kwa hiyo, anayepata nafasi ya kwenda nje na aende, usharika umwombee. Akirudi, tusimuulize ametuletea nini. Tumuulize ni nani hapa nyumbani ambaye sasa anamwona, na zamani hakumwona. Na sisi tuliobaki tuanze Jumapili ijayo na benchi la nyuma: tumuulize kijana yule jina lake, kwao ni wapi, na namba ya simu ya mama yake.

Bwana atusaidie. Amina.