Mwenye Hisa Ajihesabu Kabla ya Siku ya Hesabu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kugawa riziki kwa hekima Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, na nyinyi mabinti zangu, mnaoishi nasi hapa Oman hali ya kuwa makwenu ni Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na kwengineko. Wengi wenu mmenijia hapa Yiti mkiniuliza khabari ya hisa za makampuni. Mmoja amenunua Muscat, wa pili ameziacha hisa zake Dar es Salaam, wa tatu anazo Nairobi. Swali lao ni moja: je, yafaa? Na wakishajibiwa kuwa biashara ya ushirika asili yake ni halali, huondoka wakidhani kuwa jambo limekwisha. Bado halijakwisha. Hisa hununuliwa siku moja, lakini humilikiwa kila siku, na kila siku ya kuimiliki ina suala lake mbele ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo nimekusudia kueleza namna Muislamu anavyopaswa kuzitazama upya hisa zake, angalau mara moja kila mwaka, na mambo ya kujiuliza zaidi ya kupanda na kushuka kwa bei.

Kwanza tufahamu hisa ni nini. Hisa ni sehemu katika mali ya kampuni: majengo yake, mitambo yake, bidhaa zake, fedha zake na madeni yake. Mwenye hisa moja katika hisa milioni moja ni mshirika, na sehemu yake ni moja katika milioni. Jambo hili si geni katika nchi hii. Maji ya falaj, yaani mfereji wa kale wa kumwagilia mashamba, humilikiwa kwa sehemu ziitwazo athar, na athar moja ni takriban nusu saa ya maji. Watu huziuza, huzirithi na huziwekea wakfu. Mwenye athar katika falaj hawezi kusema kuwa halimhusu maji yanatoka wapi, wala kuwa hana khabari na najisi iliyotupwa katika mfereji. Na mvuvi wa pwani yetu hii, pato likishagawiwa kwa chombo, nyavu na mikono, huzitandaza nyavu zake mchangani azikague, kwani ajua kuwa tundu dogo likiachwa leo, kesho litapitisha samaki wote. Basi mwenye hisa naye ni mshirika, na mshirika huulizwa.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya mali yake maswali mawili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Juu ya msingi huo nimeyapanga mambo sita.

Jambo la kwanza ni kazi ya kampuni yenyewe. Chukua majina ya makampuni yote uliyonayo, uyaandike, na mbele ya kila jina uandike kazi yake. Soko la hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, inayotengeneza gesi za viwandani na hospitali. Mwaka huo huo ikafuata TBL, ambayo kazi yake ni bia. Zote mbili zilikuwa katika soko moja, na dalali huziuza kwa namna moja, lakini hukumu zake ni mbalimbali. Maulamaa hawakukhitalifiana kuwa ni haramu kuwa mshirika katika kampuni ambayo kazi yake ni ulevi, kamari au kukopesha kwa riba, hata kama gawio lake ni nono. Na mtu asitosheke na kuwa aliuliza alipokuwa akinunua, kwani makampuni huungana, huuzwa na hubadili kazi. Kampuni uliyoijua miaka kumi iliyopita huenda leo ina jina lile lile na kazi nyengine.

Jambo la pili ni riba iliyojificha ndani ya kampuni yenye kazi ya halali. Kampuni inauza saruji au samaki, lakini imekopa benki kwa riba, au imeweka fedha zake benki na inapokea riba. Hapa maulamaa wa zama zetu wamekhitalifiana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipitisha mwaka 1992 kuwa asili ya kushiriki katika kampuni kama hiyo ni haramu. Wengine wameruhusu kwa masharti, na masharti mashuhuri ni yale ya taasisi ya AAOIFI ya Bahrain: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni katika soko, amana za riba zisizidi asilimia 30, na pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya pato lote, na pamoja na hayo mwenye hisa alitoe fungu la haramu lililomfikia.

Ndugu yangu, usiifahamu vibaya asilimia hiyo 5. Hakuna aliyesema kuwa riba ikiwa chache ni halali. Katika madhehebu yetu riba, chache na nyingi, ni katika madhambi makubwa, na mwenye kulishikilia dhambi kubwa bila ya kutubia yuko katika khatari kubwa. Wala toba ya mali haitimii kwa ulimi tu, bali kwa kujivua nayo. Nasaha yangu ni kushika lililo salama: utafute kampuni iliyoepukana na riba kabisa, na uliyonayo katika mchanganyiko ujitoe humo kwa utaratibu, ukisafisha pato lake mpaka siku utakayotoka. Zamani watu walitoa udhuru kuwa hapana njia nyengine. Lakini Oman iliruhusu kwa sheria benki za Kiislamu mwaka 2012, na soko la Muscat lina fahirisi maalumu ya makampuni yaliyopimwa kwa vipimo vya sharia. Udhuru umepungua.

Kusafisha ni hesabu nyepesi. Tuseme kampuni ina hisa 10,000,000, na hesabu zake za mwaka zinaonyesha kuwa imepokea riyal 20,000 za riba. Riyal 20,000 ni baisa 20,000,000, basi kila hisa imebeba baisa 2. Ukiwa na hisa 5,000, fungu lako la haramu ni baisa 10,000, yaani riyal 10. Utazitoa kwa mafakiri au katika maslahi ya Waislamu, bila ya kunuia thawabu ya sadaka na bila ya kuzihesabu katika zaka, kwa sababu hazikuwa zako hata uzitoe sadaka.

Jambo la tatu: ulinunua kwa fedha gani? Soko la Muscat lilifunguliwa mwaka 1989. Mwaka 1997 fahirisi yake ilipanda zaidi ya mara mbili, na watu wakadhani kuwa utajiri umeteremka usioondoka. Mwaka 1998 ikapoteza takriban nusu ya thamani yake. Aliyenunua kwa fedha yake alipata hasara. Aliyenunua kwa mkopo alipata hasara na deni, na deni lenyewe ni la riba. Vivyo hivyo Nairobi: hisa za Safaricom zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni 2008, bei yake ya awali ilikuwa shilingi 5, na wengi walikwenda benki kukopa ili wazipate. Bei ikashuka, na mwaka 2009 ikawa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Siitaji kampuni hiyo kwa kuihukumu, bali nataka uone kuwa mwenye deni hulazimika kuuza siku ya dhiki, na mwenye fedha yake ana hiari ya kungoja. Riba humharibia mtu dini yake, na mara nyingi humharibia na dunia yake.

Katika mlango huu yanaingia mafungu ya watu wa nyumbani. Mume anayenunua hisa kwa fedha za mkewe na kuziandika kwa jina lake mwenyewe amechukua amana. Mali ya mwanamke ni yake, na gawio lake ni lake, na hana mume ruhusa ya kuuza wala kununua kwalo ila kwa ridhaa yake.

Jambo la nne ni nia na mwenendo. Kuna anayenunua ili ashiriki katika biashara, na kuna anayenunua asubuhi na kuuza jioni kwa uvumi, hajui kampuni inafanya nini wala hajali. Wa pili huyu ameisogelea kamari, hata kama jina la kazi yake ni biashara. Mwezi wa Oktoba 2024 hisa za kampuni ya mafuta ya OQEP ziliuzwa kwa umma hapa Oman kwa baisa 390, na jumla yake ilikaribia dola bilioni 2. Siku ya kwanza sokoni bei ikashuka chini ya hapo. Aliyezisoma hesabu za kampuni na kukusudia kukaa nazo alikuwa na sababu ya kutulia. Aliyekuja kutafuta faida ya siku moja alirudi na majuto. Basi unapozitazama upya hisa zako, jiulize: lau soko lingefungwa mwaka mzima, ningeridhika kuwa mshirika wa kampuni hii? Wala usiiweke mali yako yote katika kampuni moja, na fedha ya chakula, ya karo ya watoto na ya nauli ya kurudi kwenu usiipeleke sokoni kabisa.

Jambo la tano ni zaka. Mwenye kununua hisa ili aziuze, hukumu yake ni ya bidhaa za biashara: ukitimia mwaka, na mali yake ikafika nisabu, nayo ni mithqali 20 za dhahabu, takriban gramu 85, atazithamini kwa bei ya siku hiyo na kutoa robo ya ushuri. Hisa za riyal 4,000 zaka yake ni riyal 100. Mwenye kukaa nazo kwa ajili ya gawio, maulamaa wengi wa zama hizi wamesema atazame hesabu za kampuni, atoe kwa fungu lake katika fedha taslimu, bidhaa na madeni yanayotarajiwa kulipwa, bila ya majengo na mitambo. Asiyeweza kuzijua hesabu hizo, namshauri atoe kwa bei ya soko, kwani hilo ni salama zaidi kwa dhima yake. Na tahadhari: makampuni hufunga hesabu kwa mwaka wa jua, na zaka hufuata mwezi. Mwaka wa jua umezidi kwa siku kama 11, basi mwenye kuufuata huo kwa miaka 33 atakuwa ameacha zaka ya mwaka mmoja mzima.

Jambo la sita ni kuandika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, na Mtume (S.A.W.) amemhimiza mwenye jambo la kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Katika miaka yangu ya ukadhi nilileteewa warithi ambao baba yao alikufa ughaibuni. Mtoto mkubwa peke yake ndiye aliyejua kuwa kuna hisa, akanyamaza. Kwa miaka akila gawio, na mama yake hakupewa thumni yake, wala dada zake wadogo mafungu yao, na miongoni mwao walikuwamo mayatima wasiobaleghe. Siku ilipodhihiri, mali ilipatikana, lakini udugu haukupatikana tena. Lau yule mzee angeandika karatasi moja, angewaokoa wote, na huyo mtoto kabla ya wengine.

Basi andika: jina la kila kampuni, idadi ya hisa, nchi ilipo, jina la dalali, fedha ni za nani, deni gani liko juu yake, na zaka ilitolewa lini. Mshuhudishe mkeo, na watu wawili waadilifu. Kila mwaka, katika mwezi unaotoa zaka yako, itoe karatasi hiyo, uisome jambo kwa jambo kama nilivyoyapanga, na uirekebishe. Ni kazi ya jioni moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Atutosheleze kwa halali Yake tusiihitajie haramu Yake, Atubarikie katika kidogo tulichopewa, Awahifadhi watoto wetu na mali za mayatima, na Atujaalie wenye kujihesabu kabla hatujahesabiwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake na Sahaba zake wote. Wabillahi tawfiq.