Adabu za Ubao wa Jikoni

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, swali la "leo tunakula nini?" huulizwa kutwa, na karibu kila mara huulizwa mtu yule yule: mama, shangazi au dada wa kazi. Watu humpa pole kwa moto wa jiko na kwa kikapu kizito cha sokoni. Kwa kazi ya kufikiri hakuna anayempa pole. Ubao wa kupangia mlo humpunguzia kazi hiyo, mradi wanaoutumia wawe na adabu.

Kuutengeneza hakuhitaji fundi. Kipande cha plaiwudi cha futi mbili kwa tatu, hata kama ni mabaki ya kabati, hupigwa msasa, kikapakwa rangi nyeusi isiyong'aa mikono miwili na kuachwa kikauke vizuri. Kabla ya kuandika neno la kwanza, ubao wote husuguliwa kwa ubavu wa chaki kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu. Bila hivyo maandishi ya mwanzo huacha alama zisizotoka. Mistari huchorwa kwa rangi nyeupe: siku saba kwenda chini, asubuhi, mchana na usiku kwa upana. Mwezi wa Ramadhani nafasi hizo zitakuwa za futari, chakula cha usiku na daku. Ukingoni hugundishwa vibanio vya nguo vya kushikia kadi zilizokatwa kwenye boksi, kila kadi na chakula chake. Bibi asiyesoma achorewe samaki au mkungu wa ndizi, ili naye ahamishe kadi pasipo kumbembeleza mjukuu. Ubao usitundikwe karibu na jiko, maana mvuke na mafuta vitauharibu.

Sasa adabu yenyewe. Anayepika ndiye wa kuulizwa kwanza. Baba anayejaza pilau siku nne bila kujiuliza nani atachambua mchele na kutwanga vitunguu saumu amekosa heshima, hata mwandiko wake uwe mzuri namna gani. Alichoandika mtu hakifutwi kimyakimya. Husemwa, "Mama, naomba makande tuyasogeze Alhamisi," na jibu lingojewe.

Dada wa kazi naye haandikiwi amri kwa herufi kubwa. "Dada, naomba uloweke maharage" hutosha, na iandikwe jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu maharage yaliyolala majini huiva upesi na kuokoa mkaa. Kumwambia asubuhi, kisha kumlaumu mchana kuwa maharage ni magumu, ni uonevu mtupu. Manung'uniko ya "ugali tena?" hayana nafasi ubaoni, mwenye neno na amwendee mpishi faraghani, akishakula.

Mpangaji wa mlo asishindane na bahari. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na dagaa wabichi huadimika sokoni. Lakini siku hizo hizo maji huwa ya bamvua: yakitoka hutoka mbali, miamba ikabaki wazi, na wanawake wa vijiji vya Paje na Jambiani huteremka na vijiti vyao kutafuta pweza. Basi familia ya pwani inayopanga dagaa katikati ya mwezi mwandamo, kisha ikamkasirikia aliyetumwa sokoni, imkasirikie mwezi. Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu, ngalawa nyingi hubaki ufukweni na bei ya samaki hupanda. Miezi hiyo kadi za kunde, choroko na mbaazi zikae mbele, na atakayerudi na choroko badala ya changu apokewe kwa "ahsante", si kwa kuguna.

Kiporo kina haki ya kuandikwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba chakula cha tani bilioni 1.05 kilitupwa duniani mwaka 2022, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Maharage ya jana kwa chapati na chai si aibu kwa yeyote. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi: usiachwe ulale sufuriani juu ya meza, kwa kuwa una bakteria ambao mbegu zao (spora) hazifi kwa kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Upoe haraka, uingie kwenye friji. Pasipo friji upikwe wa kutosha siku hiyo tu.

Bei za vitu na maneno kama "hela imeisha" hayaandikwi, kwa kuwa jikoni hupita majirani. Akifika mgeni bila taarifa, mpango wote hupinduliwa bila yeye kujua. Hata mtoto asithubutu kumtajia kwamba leo ilikuwa zamu ya uji. Wenyeji wenye uzoefu huacha usiku mmoja wa wiki wazi, wakiweka unga na nazi za akiba. Mgeni naye, akiona Ijumaa imeandikwa biriani, asijifanye amekumbuka ghafla kuwa Ijumaa ana shughuli mtaa huo huo.