Mvua Tuliyoiombea

Tarehe 14 Februari 2023 Wakenya walikusanyika katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kuomba mvua. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imefeli, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mizoga ya ng'ombe ilitapakaa malishoni, na wanyamapori wa Amboseli nao wakafa. Mwezi wa Machi mvua ikanyesha. Wamaasai huihusisha mvua na Enkai Narok, Mungu mweusi mwenye baraka, na mwaka ule kila mfugaji alikuwa na sababu ya kumshukuru. Nyasi zikachipuka, maziwa yakarudi kwenye vibuyu.

Naanza na furaha hiyo kwa sababu ndiyo iliyotufumba macho. Aliyekaa na kiu miaka mitatu akiona wingu huona neema tu. Nani kati yetu angesimama katikati ya shangwe aulize maji haya yatapita wapi? Sidhani kama mimi ningeuliza.

Dalili zilikuwepo. Oktoba 2023 wataalamu wa kanda walikuwa wameshatabiri mvua kubwa ya El Niño, lakini Rais Ruto akatangaza kwamba haitakuwa ya uharibifu kama ilivyohofiwa. Wengi tulipumua. Kufikia Novemba mafuriko yalikuwa yamesomba watu na mifugo katika sehemu nyingi za nchi. Onyo hilo lilitosha. Kisha Februari 2024 utabiri wa masika ukasema tena kwamba mvua ingezidi kiasi cha kawaida, nasi tukaendelea kujenga palepale kwenye njia za maji.

Hata ardhi ya Kitengela, mji ulio Kajiado, ilikuwa ikituonya. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa jua kali. Ukilowa huvimba na kujifunga, maji yakakosa pa kuzama. Mto Mbagathi hushuka kutoka upande wa Ngong na kuingia Athi, kwa hiyo mafuriko yanaweza kukufikia hata kama kwako hakujadondoka tone. Lakini ploti huuzwa kiangazi. Dalali anakupeleka mahali pakavu, tambarare, bei nafuu, unaonyeshwa vigingi vinne, unalipa. Mkondo wa zamani umefunikwa na nyasi. Mzee wa Kimaasai aliyechunga hapo tangu utotoni anajua maji yalikopita, ila hakuna anayekwenda kumuuliza. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, maana swali hilo halina gharama.

Tarehe 30 Aprili 2024 Baraza la Mawaziri liliagiza watu waondoke maeneo ya hatari, wakiwemo wanaoishi karibu na mabwawa 178, na kuwapa saa 48. Siku iliyofuata, Mei mosi, waokoaji walikuwa wakiwatoa watu majini Kitengela. Nchini kote, mafuriko ya msimu huo yaliua karibu watu 300.

Waliotolewa salama walikuwa na haki ya kumshukuru Mungu, na waliowafungulia jirani milango wakati wao wenyewe wana kidogo walitupa sababu ya kutumaini. Nami nashukuru pamoja nao. Hata hivyo, naona shukrani ya mvua haijakamilika mpaka mtu ameuangalia mto. Anayeithamini baraka huiandalia njia: huzibua mtaro, hujenga juu, hukinga maji kwenye tangi ili ukame ujao umkute nayo. Na ukame utarudi Kajiado, kama ulivyorudi mara nyingi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipia ploti nenda kaione mvua ikinyesha, na umuulize mzee aliyechunga hapo. Ukiambiwa hama, hama mchana, watoto wakiwa macho. Na ukikuta maji yanakatiza barabara, usivuke kwa miguu wala kwa bodaboda, hata kama mwenzako amepita sasa hivi. Maji yaendayo kasi yasiyofika hata magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.