Mwanangu, Usiyaharakishe Maneno Madogo

Mwanangu, najua una haraka. Mtihani umekaribia, na daftari lako limejaa orodha ndefu: look up, look after, take off, put up with. Umezikariri zote pamoja na maana zake, lakini ukiandika sentensi inachechemea, nawe hujui kwa nini. Kaa kidogo tuzungumze.

Sisi katika Kiswahili mambo mengi tunayatia ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua, fungia, fungana. Hakuna neno linaloweza kupenya katikati ya fung- na -ua. Mwingereza huchukua kitenzi kifupi, akakifuatishia neno dogo nyuma yake, na maana ikageuka. Wewe unaona maneno mawili yenye nafasi katikati, unadhani hapo pana ruhusa ya kuweka kielezi. Tena vielezi vyetu havina makuu. Ukisema umesoma kitabu polepole, au umesoma polepole kitabu, nani atakukemea? Kiingereza hakikubali hivyo. Hakipendi kielezi kikae kati ya kitenzi na kile kinachotendewa.

Nilipokuwa nafundisha kidato cha kwanza, kijana mmoja aliandika: She took quickly off her shoes. Nikapiga kalamu nyekundu. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kosa ni lipi? Maneno yote yapo." Nikamjibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo, nikaendelea na daftari jingine. Jibu lile linaniuma mpaka leo, maana alistahili maelezo. Basi yachukue wewe.

Hapo off ni ya take, si ya shoes. Kupachika quickly katikati yao ni kumketisha mgeni kati ya bwana harusi na bibi harusi. Kielezi kitangulie: She quickly took off her shoes. Au kisubiri mwisho: She took her shoes off quickly. Lakini tazama hii: She looked carefully at the picture. Hapa carefully imeingia katikati na sentensi imetulia. Sababu ni kwamba at ni kihusishi, kimeelekea kwa picture. Kati ya look na at pana upenyo. Kati ya take na off hapana.

Utajuaje? Chukua maneno yaleyale, run na up. He ran up the hill, alipanda kilima mbio. He ran up a bill, alilimbikiza deni. Kwa macho zinafanana kabisa. Sasa toa nomino, weka it. Kilima kitakuwa ran up it. Deni litakuwa ran it up. Palipo na kihusishi, it hubaki nyuma yake. Neno dogo likiwa la kitenzi, it huingia katikati. Ndiyo maana unaweza kusema He ran quickly up the hill, lakini ukisema He ran quickly up a bill, Mwingereza atakunja uso. Na sikio nalo lisaidie: katika look it up sauti hukazwa kwenye up, ila katika look at it hiyo at hupita chini chini, karibu usiisikie.

Usidhani kipimo hiki kinamaliza kila kitu. Look after kina ukaidi wake: tunasema look after him, kama kihusishi, ila kielezi hakitulii katikati. Sema She looks after him well. Halafu kuna right na straight, ambavyo vina ruhusa ya pekee ya kusimama mbele ya neno dogo: He brought the book right back. Angalia lakini, kitabu kimetangulia. He brought right back the book haisemwi.

Vile vya maneno matatu ndivyo vinavyowachosha vijana, nami navipenda kuliko vyote. I get on well with my neighbours. Well imekaa wapi? Baada ya on, kabla ya with. On ni ya get, with ni ya majirani, na kielezi kimeingia pale pale penye kiungo. Vivyo hivyo I am looking forward very much to your visit. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu utaomba kazi siku moja. Barua nyingi za vijana wetu huishia na looking forward to hear from you. Hiyo to ni kihusishi. Ijaribu: looking forward to it, inakubali. Kwa hiyo inataka hearing, si hear.

Usijione mzito. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba vitenzi hivi vyenye maneno madogo ndivyo vinavyowatesa sana wageni. Hili si tatizo la kwenu tu.

Basi acha orodha. Fungua kamusi ya wanafunzi ya Oxford, ile aliyoianzisha Hornby. Ukikuta mshale wenye vichwa viwili kati ya sth (yaani something) na up, ujue kinachotendewa kinaweza kukaa kabla ya up au baada yake. Usipouona mshale, usihamishe kitu. Wiki hii shika look peke yake. Andika sentensi zako mwenyewe, za hapa nyumbani, za dukani, za mpira. Kila moja itie it, kisha itie kielezi, halafu uisome kwa sauti. Ukimaliza niletee daftari tuzipitie pamoja. Get tutaianza wiki ijayo.